Sahani Iliyo Kavu

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu wa familia tumezoea kuzungumza habari za ada za shule, kodi ya nyumba, lishe ya watoto na namna ya kuondoa madoa katika nguo. Leo pia nitazungumza habari za madoa, ila yatatufikisha mbali kidogo, hadi uvunguni mwa tela la lori la masafa marefu. Nawaomba uvumilivu akina mama wasiopenda mazungumzo ya magari, kwa maana jambo lenyewe lilianzia kwenye karai la kufulia.

Jirani yangu mmoja hapa Temeke ana kijana wa miaka 22 ambaye ni utingo wa lori liendalo Tunduma. Kila kijana huyo arejeapo kutoka safari, mama yake huketi uani na karai, kipande cha sabuni ya mche na chupa ya mafuta ya taa, akipambana na ovaroli iliyoganda grisi nyeusi kuanzia viwikoni hadi magotini. Manung'uniko yake tumekwisha kuyazoea sote tunaoishi katika nyumba zile. Basi mwezi uliopita kijana akarudi safi. Safari iliyofuata akarudi safi tena. Mama akatoka kibarazani kwa furaha akatuambia, "Jamani, mwanangu siku hizi anarudi kama karani wa benki. Sabuni yangu inakaa!"

Tulicheka, isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa amekaa nasi akinywa kahawa. Mzee huyu aliingia katika kazi ya malori mwaka 1974 akiwa utingo wa miaka 17, akawa dereva, na akastaafu mwaka 2015. Aliweka kikombe chini, akamwuliza kijana, "Mwanangu, na sahani ya gari lenu nani anaipaka grisi?"

Kijana akainamisha macho. "Baba, grisi haitolewi. Ofisini wamesema kopo ni moja kwa mwezi kwa magari yote, na limekwisha."

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali, maana ndiyo kazi yangu, na nilikuwa sijui sahani inayozungumzwa ni ipi.

Lori la tela analoliona msomaji likipita Ubungo au Mbagala si gari moja. Mbele kuna kichwa, chenye injini na usukani. Nyuma kuna tela lisilo na magurudumu ya mbele. Ncha yake ya mbele hukilalia kichwa mgongoni. Pale linapolalia pana sinia kubwa la chuma lililopasuliwa nyuma mfano wa kwato ya farasi. Hilo ndilo sahani. Waingereza huliita gurudumu la tano, nalo si gurudumu hata kidogo. Jina hilo limerithiwa kutoka kwenye magari ya kukokotwa na farasi, yaliyokuwa na magurudumu manne ya kutembelea na duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili ekseli hiyo iweze kugeuka. Gari likapata injini, farasi akapumzika, jina likabaki. Matela ya namna hii yalianza kujulikana nchini Marekani wakati wa vita vya kwanza vya dunia; mhunzi mmoja wa Detroit, August Fruehauf, alitengeneza lake mwaka 1914 kwa ajili ya mfanyabiashara wa mbao aliyetaka mashua yake ivutwe na gari dogo la Ford.

Chini ya tela, katikati, pananing'inia msumari mnene wa chuma ambao mafundi huuita kingipini. Kichwa kirudipo nyuma, kingipini huteleza katika ule mpasuko wa sahani hadi katikati, na hapo mataya ya chuma huibana. Katika matela mengi yanayotembea katika barabara zetu, shingo ya kingipini ina unene wa milimeta 50.8, yaani inchi mbili. Pima kwa mkono wa mtoto wa shule ya msingi na utapata sura yake. Katika nchi za Afrika Mashariki sheria inaruhusu gari kubwa kabisa pamoja na mzigo wake kufikia tani 56. Mvuto wote wa tela lililosheheni, wakati wa kuondoka, kupanda mlima na kufunga breki, hupita katika kipande hicho.

Sasa, uzito wa mbele wa tela hukaa juu ya sahani, chuma juu ya chuma. Kila dereva akatapo kona, bamba la chini ya tela husagana na sahani. Ikiwa katikati pana grisi, vyuma hivyo huteleza na gari hutii. Ikiwa pamekauka, vinashikana. Kichwa kinataka kugeuka, tela linakizuia. Magurudumu ya mbele yamekwisha kugeuzwa lakini gari linaendelea kwenda mbele kidogo kabla ya kukubali, kisha linakubali kwa mshtuko. Katika kona kavu na mwendo wa pole dereva hupambana nalo akapita. Mvua ikiwa imenyesha na barabara inateleza, mipira ya mbele haina tena mshiko wa kushindana na tela, na hapo gari laweza kwenda moja kwa moja pale ambapo barabara imepinda. Au kichwa kitageuka ghafla kuliko dereva alivyokusudia, na tela likiwa linasukuma nyuma, vyote viwili vitakunjana kama mkono unavyokunjana kwenye kiwiko.

Mzee alinieleza jambo ambalo sikulitegemea. Alisema zamani, kabla ya usukani wa kusaidiwa na mafuta kuenea, dereva alikuwa akiijua sahani kavu mabegani mwake. Usukani ulikuwa mzito, ukirudi kwa shida baada ya kona, na mtu alifika Morogoro akiwa amechoka kama aliyelima. Siku hizi usukani ni mwepesi, kijana anaugeuza kwa mkono mmoja akizungumza na simu kwa mwingine (haya ya simu ni maneno ya mzee, wala sina la kuyapinga), na gari halimwambii kitu. Kilichobaki ni mlio wa mkwaruzo na mkoromo wakati wa kugeuza yadini, nao aghalabu humezwa na muziki.

Barabara yenyewe wasomaji wengi wanaijua, au wana ndugu wanaoijua. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao wenyewe mwezi Novemba mwaka 1965, ndiyo njia iliyobeba mafuta ya Zambia kwa malori na mapipa, ikiwa bado ya vumbi na tope. Leo ni ya lami, lakini milima haikuhamishwa. Kule Kitonga, kabla ya kufika Iringa, barabara inapanda ukingo kwa kona zilizobana, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Lori linalopanda na lori linaloshuka hupishana hapo na basi la abiria katikati yao. Mimi nimepita Kitonga mara nyingi nikiwa kwenye kiti cha dirishani, nikitazama mipira ya matela na kusoma maandishi ya nyuma yake. Sikuwahi hata siku moja kufikiri juu ya grisi.

Jumamosi ile tulikwenda yadini, mimi, mzee na kijana. Mlinzi alimfahamu mzee, akatufungulia. Kwa bahati kichwa kilikuwa kimefunguliwa na kusogezwa pembeni kwa ajili ya kubadilishiwa oili, tela limesimama juu ya miguu yake ya chuma, kwa hiyo sahani ilikuwa wazi mbele yetu.

Nilidhani nitaona kutu. Kumbe sahani kavu hung'aa. Ilikuwa na madoa yaliyosuguliwa hadi yakawa kama kioo, na kati yake michubuko mirefu iliyopinda kufuata njia ya kona. Pembezoni palikuwa na grisi ya kale, ngumu, iliyochanganyika na mchanga. Mzee aliichota kwa kidole akaisaga mbele yangu, ilikwaruza. Akasema hiyo si grisi tena, ni msasa. Ndiyo sababu utingo anayejua kazi hapaki mpya juu ya ya kale. Huikwangua kwanza yote kwa kipande cha mbao au bapa la chuma butu, akasafisha kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, akakausha, ndipo apake. Kumwaga grisi nyingi bila kukwangua ni kumlisha mgonjwa chakula kilichoingia mchanga.

Wakati sahani ikiwa safi ndio wakati pekee wa kuitazama vizuri. Mzee alipitisha tochi kwenye pembe zote akitafuta nyufa, akagonga bolti zinazoishikilia kwenye fremu, akatikisa vyuma vinavyoiwezesha kuinama mbele na nyuma kama kinyozi anavyokiinamisha kiti. Hapo penye egemeo pana vichuchu vya kupokelea grisi kwa bomba, navyo husahauliwa kuliko sehemu zote, kwa sababu havionekani mpaka mtu apige magoti. Vile vile mkono wa kufungulia mataya na komeo lake havitaki grisi nzito, vinataka oili nyepesi. Grisi nzito ikikusanya vumbi hapo, komeo huchelewa kurudi, na komeo lililochelewa ni taya ambalo halikufunga sawasawa.

Kisha akapaka. Nilimtazama kwa makini kwa ajili yenu. Alitumia grisi nyeusi ya shinikizo kubwa, ile iliyochanganywa na grafiti au molibdeni, tuliyoinunua njiani kwa fedha zetu. Aliitandaza kwa bapa la mbao ikawa tabaka jembamba juu ya sahani nzima, akajaza mifereji iliyochongwa kwa ajili hiyo, akapaka ndani ya mataya na kuizunguka kingipini. Kuhusu oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ambayo nimesikia wengine huitumia ili kuokoa gharama, alitikisa kichwa. Ni nyepesi, uzito wa tela huikamua mara moja ikadondoka barabarani na juu ya vyuma vya nyuma ya kichwa, na baada ya safari fupi sahani ni kavu kama mwanzo.

Niongeze tahadhari moja kwa vijana wa magari mapya. Zipo sahani za siku hizi zilizovikwa kipande cha plastiki ngumu juu yake, nazo hazipakwi grisi pale juu. Mataya na komeo lake bado huhitaji kutunzwa. Kitabu cha mtengenezaji kinaeleza, na pia kinataja baada ya kilometa ngapi kazi hii irudiwe. Mzee hakuwa na kitabu. Kawaida yake ilikuwa kuitazama kila arudipo Dar es Salaam, na masika aliitazama Makambako pia, maana mvua na maji ya barabarani huiosha.

Kazi ingeishia hapo kama si kipimo. Kijana alikuwa amemwambia mzee kwamba gari likianza kuondoka husikia kishindo nyuma, na likifunga breki husikia kingine. Mzee akaazima venia kwa fundi, akaipima shingo ya kingipini mara tatu kwa pande mbalimbali, kwa kuwa haichakai sawa pande zote. Huliwa zaidi mbele na nyuma, kule inakovutwa na kusukumwa. Kwa kingipini ya inchi mbili, kipimo ambacho watengenezaji huweka kuwa mwisho ni milimeta 49. Hii ilikuwa imepungua chini ya hapo upande mmoja. Kwa jicho langu ilionekana nzima kabisa. Tofauti yake na mpya haifiki milimeta mbili na ushei, lakini nafasi hiyo ndogo ndiyo inayotoa kishindo, na kila kishindo hupanua nafasi hiyo na kuyapiga mataya.

Kijana akanyamaza. Alikuwa amemwambia dereva habari za kishindo hicho, na dereva akawaambia wakubwa wa yadi, nao wakajibu kwamba tela limebeba mwaka mzima halijaanguka.

Hapa, ndugu msomaji, nitasema ninavyoona. Kopo la grisi ni kitu cha bei ndogo mno ukilinganisha na mpira mmoja wa lori. Mwenye gari anayelinyima gari lake grisi hanyimi kwa sababu hana. Ananyima kwa sababu hasara ya sahani kavu haimfikii siku ile ile. Humfikia kwanza utingo, ambaye ndiye mdogo kuliko wote katika kazi hiyo na ndiye anayetumwa uvunguni. Akisema gari ni bovu, huambiwa mwoga. Akinyamaza, likitokea la kutokea, ataulizwa kwa nini hakupaka. Dereva naye hulipwa kwa safari, na saa aliyosimama haina malipo. Sioni kwa nini kijana wa miaka 22 aachiwe peke yake mzigo wa kusema hapana.

Dereva, nimshukuru, hakumwacha peke yake. Jumatatu aliandika kipimo kile katika daftari la ukaguzi, akatia sahihi, akakataa kuondoka. Kulikuwa na maneno makali ambayo sikuyasikia mwenyewe na sitayasimulia. Tela lilikaa siku tatu, kingipini ikafungwa mpya, na mataya nayo yakabadilishwa kwa sababu mataya yaliyoliwa huila kingipini mpya upesi.

Siku ya kuunganisha nilikuwapo. Hili nalo nilieleze, maana huenda mmoja wenu ana mtoto anayejifunza kazi hii. Kabla kichwa hakijarudi nyuma, utingo hutazama kimo cha tela: bamba lake liwe chini kidogo kuliko sahani, ili sahani iliinue kidogo inapoingia. Tela likiwa juu mno, kingipini yaweza kupita juu ya mataya bila kubanwa, ikakaa pale ikidanganya. Mlio wa "ko!" husikika, na wengi huridhika na mlio. Kijana wetu hakuridhika. Dereva alivuta kidogo mbele kwa gia ndogo, breki za tela zikiwa zimefungwa, mara mbili. Kisha kijana akaingia uvunguni na tochi akatazama mambo matatu kwa utaratibu: mataya yamekumbatia shingo ya kingipini, mkono wa komeo umerudi ndani wote, na kati ya sahani na bamba la tela hapapiti mwanga. Ndipo akafunga mipira ya upepo na waya za taa, akainua miguu ya tela. Na, jambo ambalo wengi wetu tungependa lifanywe na kila utingo nchini, aliyaondoa mawe aliyokuwa ameyaweka kwenye magurudumu, asiyaache barabarani kwa mwenye pikipiki wa usiku.

Alitoka uvunguni mweusi kuanzia viwikoni hadi magotini.

Nisiwafiche lililobaki. Kwa siku zile tatu kijana hakulipwa posho ya safari. Fedha hiyo ilikuwa imekwisha kupangiwa kazi: nusu ya ada ya mdogo wake wa kike aliye kidato cha pili. Mama yake alipopata habari alimjia mzee mlangoni, akamwambia kwamba yeye ana pensheni yake, hana mtoto wa kusomesha, na angeyaacha magari ya watu. Mzee hakujibu. Nilimweleza mama juu ya kingipini na zile milimeta mbili, nikamchorea na picha kwenye karatasi. Akaitazama picha, akaniuliza, "Sasa hiyo picha nikaionyeshe shuleni?" Sikuwa na jibu wakati ule, na sina hata leo. Ada imelipwa kwa mkopo wa jirani mwingine, na sisi tunaomfahamu kijana tunaendelea kuulizia posho ile ofisini kwao. Tumeambiwa turudi mwisho wa mwezi.

Lori liliondoka Alhamisi alfajiri na kurudi siku ya nane. Mama hajamsamehe mzee. Salamu yake kwake bado ni fupi. Lakini asubuhi moja alinipitia nikienda kazini akanituma nimwulize mtu yule yule, kwa kuwa yeye haongei naye, mkewe alikuwa akifuaje grisi miaka yote ile. Nililipeleka swali, na jibu nimeona nilichapishe kwa faida ya wengine wenye ovaroli za namna hii.

Nguo isilowekwe kwanza, kwa sababu maji huifanya grisi ishikilie uzi. Ikiwa kavu, ikwanguliwe kwa mgongo wa kisu hadi donge lote litoke. Kisha doa lipakwe mafuta ya kupikia kidogo, lisuguliwe kwa kidole mpaka weusi ulainike. Mafuta ya taa nayo hufanya kazi hiyo, ila yatumike uani, mbali na jiko, na nguo ipigwe na upepo kabla ya kitu kingine chochote. Baada ya hapo sabuni ya mche ipakwe kavu juu ya doa, iachwe kwa muda wa kuchemsha chai, ndipo ifuliwe kwa maji ya moto kiasi mkono unavyostahimili, mara mbili. Maji yake yasimwagwe kwenye bustani ya mchicha. Na ovaroli hiyo ifuliwe peke yake, isichanganywe na nguo za watoto.